Hapo Hakuna Kitu, Ni Nyasi na Mawe Tu

Mwezi huu nimeweka pembeni maswali mengine yote, manake zimekuja barua sita na zote zinazunguka kitu kimoja, machimbo ya changarawe kwenye nyika za preri kule kusini mwa Alberta, Kanada, ambako baadhi ya wasomaji wetu wanaishi, wengine wamenunua ardhi, wengine wanaendesha malori. Kazi ya kupima udongo na kuhesabu mimea kwenye nyika hizo nimeifanya kwa miaka, na nyika hizo nazipenda, hilo nalisema mapema ili anayesoma ajue nimesimama wapi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tulinunua robo seksheni, ekari 160, tunafuga ng'ombe wachache. Upande wa kaskazini kuna kilima kirefu chenye mawe mengi na nyasi fupi, hakijawahi kulimwa. Amekuja mtu wa kampuni anataka kukodi ekari 20 hapo kilimani achimbe changarawe kwa miaka 10, anasema hapo hakuna kitu ni nyasi na mawe tu, ila tusaini kabla ya mwaka kuisha. Mume wangu anataka kusaini. Mimi moyo unasita lakini sijui niulize nini.
Mama wa Kilimani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla sijakwambia uiulize nini kampuni, jiulizeni nyinyi wenyewe swali moja, kwa nini hicho kilima hakijawahi kulimwa? Sheria ya ardhi ya Kanada ya mwaka 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, ila kwa sharti aishi hapo na alime, sasa watu walilima kila walipoweza, na palipobaki ni pale penye mawe mengi mno au mteremko mkali au ukavu uliopitiliza. Na hayo mawe yametoka wapi? Zamani barafu nene ilifunika nchi hiyo karibu yote, na ilipoyeyuka, zaidi ya miaka elfu 10 iliyopita, mito ya maji ya barafu ikabeba mchanga na mawe ikavichekecha, vizito ikaviacha hapa vyepesi ikavipeleka mbele, na pale maji yalipopunguza kasi ndipo yakabaki matuta ya changarawe safi kama hicho kilima chenu. Kwa hiyo nyasi za asili zilizobaki na changarawe nzuri mara nyingi vinakaa mahali pamoja, na sio bahati mbaya, mawe ndiyo yaliyozikinga hizo nyasi na jembe kwa zaidi ya miaka 100. Ndio maana maneno ya huyo bwana yamenikaa kooni. Nyasi na mawe ndio kila kitu hapo.

Pili ujue una nguvu gani. Alberta mafuta na gesi vilivyo chini ya shamba lako mara nyingi ni mali ya serikali, na kampuni ya mafuta inaweza kupata amri ya kuingia hata ukikataa. Changarawe sio hivyo. Mchanga na changarawe kisheria ni vya mwenye ardhi ya juu, yaani ni vyenu, kwa hiyo hakuna wa kuwalazimisha, mnaweza kusema ndiyo, mnaweza kusema hapana, mnaweza kusema subiri. Hiyo ya tatu ndiyo ninayokuombea. Halafu ekari 20 ni kama hekta 8, na machimbo kwenye ardhi ya mtu binafsi yakifika hekta 5 lazima yasajiliwe na mkoa, kampuni ipeleke mpango wa kuchimba na wa kurudisha ardhi na iweke dhamana ya fedha, na juu yake kuna kibali cha kaunti ambako majirani wanapewa nafasi ya kusema yao. Hayo yote hayaishi kwa wiki mbili, sasa haraka ya saini ni ya nani?

Tuje kwenye kilima chenyewe. Siku isiyo na upepo mwingi nenda na mume wako mpige magoti, kweli kabisa mpige magoti, mtazame chini katikati ya nyasi. Mkiona zulia fupi la rangi ya kijani kijivu limeng'ang'ania udongo, halifiki hata urefu wa kidole, hiyo ni selajinela, na ukilima mahali ilipo inachukua miongo kurudi, kwa hiyo kuwepo kwake ni ushahidi kwamba ardhi hiyo ina umri. Mtaona grama ya bluu ambayo suke lake limekunjika kama kope la jicho, mtaona nyasi ya sindano na uzi ambayo mbegu yake inachoma soksi, na kama mko karibu na milima ya magharibi mtakuta fesku, ile inayosimama wima hata kwenye theluji ng'ombe wakaila Januari, Alberta waliitangaza kuwa nyasi rasmi ya mkoa mwaka 2003. Mnachokiona juu ni kidogo. Sehemu kubwa ya mmea wa preri iko chini ya ardhi, mizizi inashuka mita 1 na zaidi, na ndiyo iliyotengeneza ule udongo mweusi na kahawia ambao dunia nzima inaujua kama chenozemu.

Udongo huo wenyewe hapo kilimani ni mwembamba jamani. Kwenye ukanda mkavu tabaka la juu mara nyingi ni sentimita 10 hadi 15, na mgongoni mwa kilima linapungua hata kufika unene wa kiganja kilicholala. Eskaveta yenye bakuli la upana wa mita 1 na nusu, opereta akikosea kidogo tu, amechanganya tabaka la juu na la chini kwa sekunde 3 na hakuna mashine ya kuyatenganisha tena. Na kuna maeneo ya huko tabaka la chini lina chumvi ya sodiamu nyingi, likikauka linakuwa gumu kama tofali, ukilichanganya na udongo wa juu umeharibu vyote viwili. Kwa hiyo ripoti ya udongo lazima iwe na mashimo ya kupimia yaliyochimbwa kwenye kilima chenu hichohicho, mgongoni, ubavuni na bondeni, na sio ramani ya wilaya nzima iliyonakiliwa.

Wanyama sasa, na hapa ndipo neno la kusaini kabla ya mwaka kuisha linapoanguka. Novemba kilima kimelala, huwezi kuona kitu. Mwanzoni mwa Aprili alfajiri, jua halijatoka, kwale wa preri wenye mkia mchongoma wanakusanyika kwenye kijiuwanja kilekile kila mwaka kucheza, madume yanapiga miguu chini kama ngoma, na mara nyingi wanachagua mahali palipoinuka kama kwenu. Kati ya Aprili na Mei nyoka wanatoka kwenye mapango yao ya baridi, yule nyoka wa njuga na wenzake, pango moja linaweza kuwa na nyoka wa eneo kubwa sana, na sheria ya wanyamapori ya Alberta inalinda mapango hayo mwaka mzima. Bundi anayeishi shimoni naye anarudi Aprili kutoka kusini, yeye hachimbi mwenyewe bali anakaa kwenye mashimo yaliyoachwa na kuchakuro na nyegere wa Amerika, na Kanada imemweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Vyura wanasikika usiku wa Aprili na Mei. Mimea adimu inatafutwa mara 2, Juni na tena mwishoni mwa Julai au Agosti, kwa sababu kuna inayochanua mapema na inayochelewa. Ukimtuma mtaalamu Desemba akatembee kilimani atakuandikia kwa ukweli kabisa kwamba hakuona kitu, na karatasi hiyo itatumika kana kwamba ameandika hakuna kitu. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Bado mawe. Mkikuta mawe yamepangwa mduara, kipenyo cha mita 4, 5, 6 hivi, nusu yamezama kwenye nyasi, msiyaguse. Hiyo ni alama ya hema za watu waliokaa hapo kabla ya mtu yeyote kupima ekari 160, mawe yalishikilia ngozi ya hema upepo usiipeperushe, na walipenda kukaa juu ambapo unaona nyati wanatoka wapi na upepo unafukuza mbu. Nchi hiyo ni ya Siksika, Kainai na Piikani, ambao pamoja na Tsuut'ina na Stoney Nakoda waliweka saini Mkataba wa 7 mwaka 1877, na kusini huko kuna gurudumu la mawe la Majorville ambalo kiini chake kina umri wa kama miaka elfu 5. Alberta ina sheria ya urithi wa kihistoria, mduara wa mawe ukionekana kazi inasimama hadi wahusika wa urithi waangalie, na mimi nasema waite pia wazee wa mataifa hayo waje waone wenyewe, maana mwanaakiolojia atakwambia mawe yana umri gani, ila mzee atakwambia yalikuwa ya nini.

Angalieni pia kama kuna kisima cha zamani cha mafuta kilichofungwa, bomba la gesi au dampo la mkulima wa zamani, hayo ni ya kupekua kwenye kumbukumbu za ardhi na hayachukui muda.

Kwa hiyo mwambie huyo bwana hivi: tuko tayari kuzungumza, ila uchunguzi ufanyike kuanzia Aprili hadi Septemba kwa gharama yenu, mtaalamu tukubaliane pande zote mbili, ripoti tupewe nzima na sio muhtasari, na tukikuta kitu tuna haki ya kukataa au kuhamisha mpaka wa shimo. Kama anaitaka kweli hiyo changarawe atasubiri, imekaa hapo tangu barafu iyeyuke.

SWALI: Mwalimu, jirani yetu anataka kuruhusu machimbo ya changarawe na sisi kisima chetu kiko kama mita 600 kutoka hapo, tunatumia nyumbani na kwa ng'ombe. Wanatuambia hawatagusa maji. Tuwaamini?
Baba Mapacha

JIBU: Usiwaamini wala usiwakatalie, pima. Changarawe ndiyo ghala la maji la nchi kavu, mvua na theluji inayoyeyuka inazama humo haraka inakaa chini, halafu inatoka taratibu kwenye chemchemi za korongoni au kwenye kisima chako. Huko kwenye nyika kavu mvua na theluji ya mwaka mzima mara nyingi ni milimita 300 hadi 400 hivi, na jua na upepo vina uwezo wa kukausha zaidi ya hiyo, sasa mtu akichimba hadi akafungua maji ya ardhini yakawa ziwa wazi, maji yaliyokuwa yamefunikwa yanaanza kupotea hewani kila siku ya kiangazi. Na akipiga pampu ili achimbe pakavu, maji ya jirani yanavutwa kuelekea shimoni. Kisima cha mita 600 kinaweza kuguswa au kisiguswe, inategemea changarawe ile inaendelea hadi kwako au imekatwa na udongo wa mfinyanzi katikati, na hilo halijulikani kwa macho.

Kinachotakiwa ni visima vidogo vya kupimia, 3 au zaidi ili mwelekeo wa maji ujulikane, vipimwe mwaka mzima. Mwaka mzima nimesema, kwa sababu kina cha maji cha Februari na cha Mei baada ya theluji kuyeyuka ni vitu viwili tofauti, na ukipima Februari peke yake utadhani maji yako chini sana. Sakafu ya shimo ipangwe kutokana na kile kiwango cha juu kabisa na ibaki juu yake, mimi huwa nadai angalau mita 1 ya changarawe isiyoguswa. Wakitaka kushuka chini ya maji hilo linahitaji idhini chini ya Sheria ya Maji, hawawezi kuamua wenyewe.

Wewe kwa upande wako, kabla koleo la kwanza halijaingia ardhini, pima kisima chako, kina cha maji yakiwa yametulia, kinatoa lita ngapi kwa dakika, na maji yapelekwe maabara kuangalia bakteria, naitreti, chumvi, chuma na mabaki ya mafuta. Weka karatasi hizo mahali salama. Bila kipimo cha kabla huna hoja ya baada, nimeona familia zikilia kisima kimebadilika rangi na hawana hata chupa moja ya sampuli ya zamani ya kuonyesha. Dizeli ikimwagika kwenye changarawe haisubiri, inapita katikati ya mawe kama maji kwenye chujio, kwa hiyo kituo cha kujazia mafuta kisikae ndani ya shimo, kikae juu kwenye sakafu iliyozuiwa isipitishe.

Na kama bondeni kuna dimbwi ambalo Agosti linakauka likabaki ufa mtupu, hilo bado kisheria ni ardhioevu. Wanalitambua kwa mimea yake na udongo wake, sio kwa maji ya siku uliyopita. Bata wengi wa Amerika Kaskazini wanazaliwa kwenye madimbwi kama hayo ya preri, na anayetaka kulifukia au kulikausha lazima aombe.

SWALI: Habari mzee. Mimi ni dereva wa lori, nabeba changarawe. Kazi moja kubwa imesimamishwa tangu Mei sababu ya ndege, tena kidogo kama shomoro, nasikia hadi Septemba. Watu tuna familia. Hivi ndege mmoja ana uzito kuliko watoto wangu?
Dereva

JIBU: Salama kijana wangu, pole sana, na sitakujibu kama mtu ambaye hajui kodi ya nyumba. Changarawe inahitajika, barabara za vijijini za preri karibu zote zinaishi kwa changarawe, zege linaihitaji, nyumba yako imesimama juu yake. Sikuandikii kwamba isichimbwe popote.

Huyo ndege kwa jinsi ulivyomwelezea nadhani ni pipiti wa Sprague au mwenzake longspa mwenye kola ya kahawia, wote wanataga chini kwenye nyasi na wote wapo kwenye orodha ya Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya mwaka 2002. Pipiti anapenda sana nyasi za asili, ukimwekea shamba la ngano ni sawa na kumwekea lami. Saskatchewan iliyo jirani imebaki na chini ya asilimia 20 ya preri yake ya asili, Manitoba zile nyasi ndefu zimebaki chini ya asilimia 1, kwa hiyo huyo ndege hana kwa kuhamia, kila mahali alipokuwa anakwenda pamelimwa. Kiota chake kipo ardhini hakionekani hata ukisimama hatua 2 pembeni, na kuvunja kiota chenye mayai cha ndege wahamao ni kosa bila kujali ardhi ni ya nani. Ndio maana kazi ya kung'oa nyasi wanaizuia kuanzia kama katikati ya Aprili hadi mwisho wa Agosti.

Sasa uchungu wako uelekeze panapostahili. Tarehe hizo hazikubadilika ghafla, zinajulikana kila mwaka, mwenye kazi angeweza kuondoa udongo wa juu Septemba iliyopita wakati viota viko tupu na ardhi haijaganda, halafu Mei ninyi madereva mkawa mnapakia tu bila shida. Mtu alipanga kalenda vibaya na gharama imeshukia kwenu. Mwulizeni meneja wenu kabla ya msimu ujao, udongo utaondolewa lini? Ni swali la haki kabisa na dereva ana haki ya kuliuliza. Na krasha, ile mashine ya kusaga mawe, ikiwa inafanya kazi vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri, funga vioo, vumbi la mawe hayo lina silika, likiingia kwenye mapafu halitoki na Shirika la Utafiti wa Saratani la Kimataifa limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kwa upepo wa kusini mwa Alberta, hasa ule wa chinuki unaoshuka kutoka milimani, vumbi halikai lilipo.

SWALI: Wamesema shimo lao litakuwa hekta 4 na nusu kwa hiyo halihusiki na sheria yoyote. Ni kweli?
Msomaji, karibu na Medicine Hat

JIBU: Si kweli. Chini ya hekta 5 kwenye ardhi binafsi halihitaji ule usajili wa mkoa, hapo wako sawa, lakini ardhi bado lazima irudishwe, Sheria ya Maji bado ipo, viota bado vinalindwa, miduara ya mawe bado inalindwa, na kaunti bado ina kibali chake. Waulize pia kama wana mpango wa kuongeza baadaye, maana hekta 4 na nusu mwaka huu na nyingine 4 na nusu mwaka kesho ubavuni mwake ni shimo moja la hekta 9. Na kama ardhi ni ya umma ulioikodi kwa malisho hiyo ni njia nyingine kabisa, changarawe hapo ni ya serikali na inatolewa kwa mkataba wake maalum.

SWALI: Shikamoo. Nasoma mambo ya mazingira mwaka wa pili. Mwalimu wetu anasema machimbo ni matumizi ya muda tu, baadaye udongo unarudishwa na nyasi zinapandwa. Kwa nini basi watu wanalalamika?
Mwanafunzi

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi kwenye sheria, Alberta inataka ardhi irudishiwe uwezo unaolingana na wa mwanzo, na nimeona machimbo ya zamani ambayo leo ng'ombe wanalisha hapo na usingejua. Ila tofautisha kurudisha malisho na kurudisha preri.

Fikiria kilichokuwepo. Kilima kilichokuwa na changarawe kavu inayopitisha maji haraka, juu yake udongo wa kiganja, juu yake mimea zaidi ya 60 iliyozoea kiu. Ukitoa changarawe umetoa ule ukavu wenyewe, umbo jipya ni bakuli, maji yanakaa, theluji inajikusanya humo, na bakuli lenye unyevu linapendwa na nyasi za kigeni kuliko za asili. Nyasi za kigeni ndio ugonjwa mkubwa. Bromu laini, poa ya Kentucky na ile ngano-mwitu yenye kishungi iliyopandwa sana miaka ya 1930 kushika udongo uliokuwa unapeperuka, zote zinangoja pembeni. Lori moja likija na mbegu kwenye tope la matairi inatosha. Gugu la yuforbia (leafy spurge), lile lenye utomvu mweupe, likishaingia mizizi yake inashuka mita kadhaa na hutalitoa.

Fesku ni ngumu zaidi. Haitoi mbegu kila mwaka, mche wake unakua polepole, nyasi za jirani zinaupita mbio na kuufunika. Selajinela niliyomtajia yule mama hakuna anayeipanda. Kwa hiyo mtaalamu akikwambia atarudisha, mwulize atarudisha nini. Kuna vinavyosaidia: tabaka la juu lisikae kwenye rundo miaka, bali sehemu inayochimbwa iwe ndogo na udongo uhamie moja kwa moja kwenye sehemu iliyomalizika, kwa njia hiyo mbegu na wadudu na kuvu walio ndani yake wanakuwa bado hai. Mbegu zivunwe kwenye nyika ileile au ya jirani, zisinunuliwe gunia la mchanganyiko ambalo halijulikani limetoka wapi. Magari yaoshwe kabla ya kuingia. Kazi ya udongo isifanyike ukiwa umelowa wala siku ya upepo mkali. Ukifanya hayo yote vizuri unapata nyasi za asili za aina 6, 8, pengine 12, na mimi huwa nafurahi sana nikiziona. Zile nyingine 50 siwezi kukuahidi, ndio maana jibu la kwanza kwenye preri ambayo haijaguswa ni kutafuta changarawe kwanza kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa au shimo la zamani ambalo halijaisha. Ipo, inahitaji tu kutafutwa, na wakati mwingine ni kilomita 5 zaidi kwa lori.

SWALI: Mimi ni opereta wa loda. Wiki hii ya Juni nimekuta mbayuwayu wametoboa matundu kama 40 kwenye ukuta wa shimo letu ambako ndiko tunakochota. Msimamizi anasema endelea. Nifanyeje?
Opereta

JIBU: Acha huo ukuta leo. Hao ni mbayuwayu wa kingo, nao wako kwenye orodha ya walio hatarini, na wanapenda kuta zilizosimama wima kwenye mchanga laini, yaani machimbo yanawafaa kuliko kitu kingine chochote. Kila tundu lina handaki la karibu nusu mita na mayai au vifaranga mwishoni, ukichota chini yake wote wanaporomoka. Piga picha yenye tarehe, mwonyeshe msimamizi, mwambie kwa heshima kwamba ni kosa la kampuni na la opereta pia. Wekeni mawe au utepe mita kadhaa kutoka ukutani, mhamie upande mwingine wa shimo, na kwa kawaida kufikia mwisho wa Agosti wanakuwa wameondoka, ila hakikisha kwa kukaa pembeni nusu saa utazame kama kuna anayeingia au kutoka.

Mwakani, mwezi wa nne kabla hawajafika, zile kuta mnazotaka kuchota zilazeni ziwe mteremko, hawatoboi mteremko, na muwaachie ukuta mmoja wima upande msiouhitaji. Wanafika Mei.